Wagonjwa watano wa saratani katika mtaa mmoja: ni mnara wa simu au ni sadfa tu?

#1 Kihonda Juu
Salaam wakuu. Kuna jambo linalonisumbua tangu msiba wa mwezi uliopita. Mtaa wetu una nyumba zinazokaribia 150, na katika miaka sita iliyopita watu watano wamepatikana na saratani, wote wakiishi upande wa mashariki, ule wenye mnara wa simu. Matangani kila aliyekaa jamvini alikuwa akiutaja mnara, na wazee wameanza kukusanya saini ili uondolewe. Ofisa mmoja wa afya aliyekuja kutusikiliza alijibu kwamba "huenda ni bahati mbaya tu", kisha akaaga. Jibu lile liliwaudhi watu kuliko kama angenyamaza. Nauliza: mtaalamu anaposema kwamba uhusiano wa kitu na ugonjwa umetokana na bahati, anamaanisha nini hasa? Ni hesabu aliyoipiga, au ni njia ya adabu ya kutuambia tunyamaze?

#2 Fundi Mnara
Pole kwa msiba, ndugu. Mimi hupanda minara hiyo kwa ajira, na huu ni mwaka wa kumi na moja. Ingekuwa inaua, mafundi ndio tungetangulia kuzikwa.

#3 Tashtiti
Fundi, babu yangu alivuta sigara tangu ujana wake na akafa akiwa na miaka 88 kwa kuanguka kutoka juu ya mnazi. Je, nimwandikie waziri kwamba sigara haidhuru ila minazi ndiyo ipigwe marufuku? Mzima mmoja hathibitishi kitu, kama ambavyo wagonjwa watano bado hawajathibitisha kitu.

#4 Mwalimu wa Namba
Nianze na neno lenyewe, kwa sababu nadhani ofisa yule alikosea lugha kabla ya kukosea hesabu. Mfiwa akisikia "bahati mbaya", anasikia kwamba maisha ya ndugu yake yalichezwa kama karata. Takwimu hazisemi hivyo. Zinazungumzia sadfa, yaani mambo mawili kukutana mahali pamoja bila moja kulileta jingine. Kila mmoja wa wagonjwa wale ana sababu ya kuugua kwake, ijulikane au isijulikane. Kinachoulizwa ni kama kuishi karibu na mnara kuna sehemu yoyote katika sababu hiyo.

Sasa hesabu. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba uwezekano wa mtaa kama wenu kupata wagonjwa watano katika muda huo bila chanzo chochote cha pekee ni 1 kati ya 1,000. Ukiwa umesimama mtaani kwako, jambo hilo linaonekana kama haliwezi kutokea lenyewe. Lakini Tanzania ina mitaa zaidi ya 4,000, ukiacha vijiji zaidi ya 12,000. Katika mitaa 4,000 tunatarajia kama minne ipatwe na hali hiyo kwa sadfa tupu, na uwezekano wa kukosekana hata mmoja ni chini ya 2 kati ya 100. Cha kushangaza kingekuwa ni nchi nzima kutokuwa na mtaa wa namna hiyo. Ile mingine 3,996 hatuisikii, kwa sababu hakuna mtu anayefungua uzi ili kutangaza kwamba mtaani kwake hakujatokea kitu.

#5 Bibi Takwimu
Namuunga mkono Mwalimu, na ninaongeza mfano wa kweli. Mwaka 1944 Wajerumani walirusha London mabomu ya V-1, na wakazi wakaamini kwamba baadhi ya maeneo yalikuwa yakilengwa kwa makusudi, kwa kuwa yalipigwa mara kwa mara huku mengine yakisalimika. Baada ya vita mtaalamu wa hesabu za bima aitwaye R. D. Clarke aliligawa eneo la kusini mwa jiji katika miraba 576 iliyo sawa, kisha akahesabu mabomu 537 yaliyoangukia humo. Miraba 229 haikupigwa kabisa, 211 ilipigwa mara moja, 93 mara mbili, 35 mara tatu, 7 mara nne, na mmoja ulipigwa zaidi ya hapo. Kanuni ya sadfa ilikuwa imetabiri karibu 227 bila bomu, 211 yenye bomu moja na 99 yenye mawili. Namba ziliafikiana mno, wakati waliokuwa wakiishi katika ule mraba mmoja walikuwa na kila haki ya kuamini kwamba rubani anawajua kwa majina.

#6 Tashtiti
V-1 haikuwa na rubani, Bibi. Liliruka lenyewe.

#7 Bibi Takwimu
Umesema kweli, na nimekubali. Tena hilo linaipa hoja yangu nguvu zaidi.

#8 Mvuvi wa Nungwi
Niliposoma bandiko la tano niliona ni mambo ya wazungu na vita vyao, nikaamua kujaribu mwenyewe. Sebuleni kwangu nilipima vigae 50, nikavirushia maharage 50 huku nimefumba macho. Nilitazamia kwamba karibu kila kigae kitapata harage lake. Vigae 19 vilibaki vitupu, 17 vilipata moja moja, 10 vikapata mawili, vitatu vikapata matatu, na kimoja kilichokuwa chini ya dirisha kikapata manne. Mke wangu akauliza kigae kile kina nini. Watoto nao walikuwa wameshatoa sababu tatu, mojawapo ikiwa upepo wa dirishani. Nilirusha mara ya pili, na kigae cha dirishani hakikupata hata moja.

#9 Kihonda Juu
Asanteni. Nimecheka na nimejifunza, lakini sijaridhika. Harage halina jirani wala mnara. Nikikubali hoja ya Mwalimu kama ilivyo, basi hata mtaa uliomwagiwa sumu kweli ungeambiwa kwamba upo katika ile minne ya sadfa. Mtu atautofautishaje mmoja na mwingine? Zaidi ya hayo, Mvuvi aliweza kurusha maharage mara ya pili. Mimi siwezi kuurudia mtaa wangu.

#10 Nesi Mstaafu
Swali lako ni zuri, na kabla ya hesabu zaidi ningependa kujua jambo moja la kawaida kabisa ambalo wodini tungeuliza kwanza. Ni saratani za nini?

#11 Kihonda Juu
Wawili ni mlango wa kizazi, mmoja titi, mmoja tezi dume, na mzee mmoja ni ya umio, yaani njia ya chakula.

#12 Nesi Mstaafu
Basi hapo kuna magonjwa manne yaliyovalishwa kanzu moja. Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa na virusi vya papiloma, ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na ndiyo maana wasichana wanachanjwa. Ya tezi dume huja na umri. Ya umio ina mambo yake, na ukanda wetu wote wa Afrika Mashariki unaikuta kwa wingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Kitu kimoja kinachosababisha saratani kwa kawaida huacha alama yake mahali fulani. Vumbi la asbesto, kwa mfano, hujulikana kwa saratani ya utando wa mapafu ambayo bila vumbi hilo ni adimu sana. Ungeniambia watu watano wa mtaa mmoja wamepata saratani hiyo adimu, ningesimama kabla hujamaliza kusema. Naomba mnielewe kwamba sijasema hakuna kitu. Upande huo wa mashariki ni wa zamani? Maana mahali penye wazee wengi patakuwa na saratani nyingi, na mnara hautakuwa umehusika kwa lolote.

#13 Mwalimu wa Namba
Nesi amefika mahali nilipotaka kufika. Kihonda Juu, ni nani aliyeuita huo "upande wa mashariki", na lini? Kama mpaka ulichorwa kabla ya wagonjwa kujulikana, hoja yako ina uzito. Kama ulichorwa matangani, baada ya kutazama nyumba zenye wagonjwa, basi tumefanya kama mtoto anayerusha gololi kwanza, kisha anachimba shimo pale iliposimama, halafu anashangilia shabaha yake. Swali hilihili linahusu muda pia: kwa nini miaka sita, isiwe minne au kumi? Na kwa nini saratani tu, zisiwe presha na kisukari?

#14 Kisiwa Kidogo
Mabibi na mabwana, mimi sipendi neno sadfa wala bahati. Hakuna jani linaloanguka bila Mwenyezi Mungu kujua. Mkisema ugonjwa umekuja kwa sadfa, mnaiondoa kudura.

#15 Mwalimu wa Namba
Sheikh wangu, heshima yako ipo palepale. Jani limeanguka kwa kudura, na paka amepita chini ya mti kwa kudura pia. Mwanatakwimu anauliza tu kama paka ndiye aliyeliangusha jani.

#16 Omwani
Nimekulia Bukoba, ambako mgeni hukaribishwa kwa akamwani, buni za kutafuna, kwa hiyo habari hii niliishika tangu nilipoisikia. Mwaka 1981 watafiti wa Harvard wakiongozwa na Brian MacMahon walitangaza kwamba wanywaji wa kahawa wanapata zaidi saratani ya kongosho. Walilinganisha wagonjwa 369 wa saratani hiyo na wagonjwa wengine 644. Magazeti ya dunia nzima yaliandika. Miaka mitano baadaye kundi lilelile lilirudia uchunguzi, na uhusiano ule haukuonekana tena kama mwanzo. Huu ndio mfano wa sadfa iliyowadanganya wasomi wakubwa, na wazee wetu wangecheka sana.

#17 Bwana Afya
Omwani, namba zako ni sahihi, lakini hukumu yako nina shaka nayo. Wengi waliouchambua utafiti ule waliona kasoro nyingine kabisa. Wagonjwa waliotumika kulinganisha walitoka kwa madaktari walewale wa tumbo, na watu wenye vidonda vya tumbo na kiungulia mara nyingi huwa wameshapunguza kahawa au wameambiwa waiache. Kwa hiyo kundi la kulinganisha lilikuwa na wanywaji wachache kuliko watu wa kawaida, na wagonjwa wa kongosho wakaonekana walevi wa kahawa. Hiyo si sadfa. Sadfa hupungua kadiri unavyoongeza watu, ilhali kosa la kuchagua watu haliondoki hata ukichukua milioni moja. Unazidi tu kuwa na uhakika wa jambo lisilo kweli.

#18 Omwani
Hata hivyo huwezi kuiondoa sadfa kabisa. Watafiti wale walikuwa wakitazama hasa tumbaku na pombe, na kahawa ikajitokeza pembeni. Ukichungulia vitu vingi, kimoja lazima kikukonyeze.

#19 Tashtiti
Hapo Omwani amesema lugha ya vijana wa vibandani. Ukiweka mikeka ishirini mmoja utatiki, kisha utaonyesha mtaa mzima ule uliotiki na kumi na tisa utaitupa jalalani.

#20 Bibi Takwimu
Tashtiti ametania, lakini hesabu yake imesimama. Kwa desturi watafiti huliita jambo "lenye maana kitakwimu" pale ambapo sadfa peke yake ingelileta chini ya mara 5 katika 100. Ukipima mambo 20 yasiyo na uhusiano wowote na ugonjwa, uwezekano wa angalau moja kuvuka mstari huo ni asilimia 64.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mwaka 1988. Utafiti ulioitwa ISIS-2 uliwahusisha watu 17,187 waliodhaniwa kupata shambulio la moyo, na ulionyesha wazi kwamba aspirini inaokoa maisha: waliokufa kwa maradhi ya moyo na mishipa ndani ya wiki tano walikuwa 804 kati ya 8,587 waliopewa aspirini, na 1,016 kati ya 8,600 waliopewa kidonge kisicho na dawa. Waandishi wakawagawa wagonjwa kwa nyota zao za kuzaliwa, kwa makusudi ya kutoa onyo. Wenye nyota ya Ng'ombe na ya Mizani walionekana kudhuriwa kidogo na aspirini, huku wengine wote wakinufaika sana.

#21 Bwana Afya
Ni Mapacha na Mizani, Bibi. Ng'ombe walinufaika na wenzao.

#22 Tashtiti
Mimi ni Mizani na daktari ameniandikia aspirini. Je, niendelee, au nimtafute mnajimu kwanza?

#23 Jirani wa Kilifi
Naona uzi mzima unalia na upande mmoja, yaani sadfa inayozua uhusiano usiokuwepo. Upande wa pili hamjaugusa: sadfa inaweza pia kuficha uhusiano ulio wa kweli. Anthony Allison, mtu aliyekulia Kenya, alichapisha mwaka 1954 hoja kwamba watu wenye selimundu nusu, yaani waliorithi kinasaba cha ugonjwa huo wa damu kutoka kwa mzazi mmoja tu, wana kinga dhidi ya malaria. Aliwapima watoto 290 wa Kiganda. Kati ya 43 wenye selimundu nusu, 12 walikutwa na vimelea vya malaria, na kati ya 247 wasio nayo, 113 walikutwa navyo. Hiyo ni asilimia 28 dhidi ya 46. Wakati huo wapo watafiti waliotafuta uhusiano huo sehemu nyingine za Afrika wasiupate, na mabishano yakawa makali. Leo hakuna anayebisha. Hapa Kilifi pia uchunguzi wa miaka mingi umeonyesha kinga kubwa mno dhidi ya malaria kali. Jiulizeni basi: wale wasioupata walikosea nini? Huenda hawakukosea. Walikuwa na watoto wachache, na pengine walitazama vimelea katika damu badala ya ugonjwa mkali na vifo, mahali ambapo kinga yenyewe inaonekana vizuri.

#24 Mgeni Njiani
Nimesoma kwamba katika kazi ya Allison thamani ya p ilikuwa karibu 0.03. Kwa hiyo kulikuwa na uhakika wa asilimia 97 kwamba selimundu inakinga. Sasa mabishano yalikuwa ya nini?

#25 Bibi Takwimu
Ndugu Mgeni, kosa hilo hufanywa hata na wenye shahada, kwa hiyo usione haya. Ile 0.03 inajibu swali moja tu: kama selimundu isingekuwa na athari yoyote, ni mara ngapi katika 100 tungeona tofauti kubwa kama hii au kuizidi? Haisemi chochote kuhusu uwezekano wa hoja yenyewe kuwa kweli. Hilo la pili hutegemea pia mambo uliyoyajua kabla ya kupima, kwa mfano kwamba selimundu imeenea zaidi palepale penye malaria nyingi.

Jana usiku nilizipiga upya namba za Jirani ili nione zimesimama juu ya nini. Kwa watoto 12 kati ya 43, p ni 0.03. Ukimwongeza mtoto mmoja tu mwenye vimelea, wawe 13, p inapanda hadi 0.06 na matokeo yanatoka nje ya ule mstari wa desturi wa 5 katika 100. Mtoto mmoja! Kama siku ile angeumwa na mbu, au kama aliyetazama hadubini angekuwa makini zaidi, uhusiano uliokuja kuwa fahari ya elimu ya vinasaba ungeandikwa kwamba "haukuthibitika". Malaria isingejali tulivyoandika.

#26 Jirani wa Kilifi
Naongeza kipande ambacho wengi hukiacha. Allison alifanya pia jaribio la kuwaambukiza watu wazima waliojitolea, jambo ambalo leo kamati ya maadili ingelikataa kabla ya chai ya saa nne. Kati ya 15 wasio na selimundu, 14 walipata vimelea. Kati ya 15 wenye selimundu nusu, walipata 2. Watu 30 tu, lakini tofauti ni kubwa kiasi kwamba sadfa inashindwa kuieleza. Kisha mwaka 1955 Ernest Beutler na wenzake walifanya jaribio kama hilo Marekani wasione tofauti. Wengine walisema wale wa Allison tayari walikuwa na kinga ya kukulia penye malaria, wengine wakasema ni aina ya vimelea. Kwa hiyo hata sadfa ikishaondoka mlangoni, bado mnabaki na ugomvi ndani ya nyumba.

#27 Mzaliwa wa Shirati
Ninyi mnazungumza vitabu, mimi nina habari ya nyumbani. Uvimbe wa taya kwa watoto, unaoitwa limfoma ya Burkitt kwa jina la Denis Burkitt, daktari wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliyeueleza mwaka 1958, ulionekana mapema kwamba unafuata ramani ya malaria: upo mabondeni penye joto na mvua, haupo milimani. Ili kuhakikisha kama malaria ina mkono, kati ya 1977 na 1982 watoto wa chini ya miaka 10 wa Mara Kaskazini waligawiwa klorokwini kwa utaratibu. Mama yangu alikuwa mmojawapo, na hadi leo akionja kitu kichungu husema "hiki ni kidonge cha wazungu".

Matokeo yake? Uvimbe ulipungua, na baada ya mradi kwisha ukaongezeka tena. Mtu angeshangilia. Lakini waliofungua daftari za nyuma walikuta kwamba kupungua kulianza kabla ya vidonge kugawiwa, na vimelea vyenyewe, baada ya kushuka mwanzoni, vilirudi kupanda wakati vidonge bado vinatolewa. Ugonjwa huo ni adimu. Katika wilaya moja wagonjwa wa mwaka mzima huhesabika kwa vidole, na namba ndogo hupanda na kushuka zenyewe kama mawimbi ya ziwa. Upande wa Uganda, wilayani West Nile, watafiti walichukua damu za watoto 42,000 wakitafuta uhusiano na virusi vya Epstein-Barr, na hadi walipochapisha mwaka 1978 waliougua kati yao walikuwa 14 tu. Watoto 42,000 kwa wagonjwa 14! Kihonda Juu, wewe na nyumba zako 150 unatafuta nini?

#28 Kihonda Juu
Natafuta jibu la kuwapelekea wazee, ndugu. Sina watoto 42,000.

#29 Omwani
Wapo pia waliousingizia mnyaa, yaani ule mti wa manyara unaopandwa kama ua. Utafiti wa Malawi uliochapishwa mwaka 1993 uliukuta mara nyingi zaidi karibu na nyumba za watoto waliougua uvimbe huo. Nyumbani kwetu ua wote ni manyara. Niogope?

#30 Bwana Afya
Utomvu wake una kemikali ambazo maabara zinazishuku, kwa hiyo si upuuzi. Ila ua wa manyara hupatikana vijijini, kwenye joto, kwa watu wa kipato kidogo, na mbu nao hupatikana hapohapo. Viwili vikitembea pamoja kila siku, utamkamata yupi?

#31 Omwani
Nimesikia. Nirudi kwenye sigara basi, maana Ronald Fisher, baba wa takwimu mwenyewe, alisema uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu ni sadfa. Kama yeye alikosea, sisi ni nani?

#32 Mwalimu wa Namba
Hapana, Fisher hakusema hivyo, na hii ni tofauti muhimu. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha uchunguzi wa hospitali 20 za London. Kati ya wanaume 649 wenye saratani ya mapafu, wasiovuta walikuwa 2 tu. Kati ya 649 wa kulinganisha, walikuwa 27. Wao wenyewe walipiga hesabu wakaona sadfa ingeleta tofauti hiyo chini ya mara moja katika milioni. Fisher alikuwa mtu wa mwisho kuweza kubisha hesabu hiyo, kwa sababu mbinu nyingi za namna hiyo ni zake. Alichodai ni kwamba huenda kuna kinasaba kinachomfanya mtu apende sigara na kinachomletea saratani pia. Aliikubali namba akakataa maana yake, huku kiko chake kikiwa mdomoni na akiwa mshauri wa kamati ya wenye viwanda vya tumbaku. Kilichomshinda ni tafiti nyingi za aina mbalimbali, za watu mbalimbali, zote kuelekea upande mmoja.

#33 Bwana Afya
Kwa kuwa uzi ulianza na simu, tusiuache mnara bila kuugusa. Mwaka 2011 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, liliweka mawimbi ya redio katika kundi la 2B, yaani vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani lakini ushahidi wake ni mdogo. Msingi mkubwa ulikuwa simu za mkononi. Utafiti wa nchi 13 ulioitwa Interphone, uliochapishwa mwaka 2010, ulitoa majibu ya ajabu: watumiaji wa kawaida wa simu walionekana kuwa na uvimbe wa ubongo wa aina ya glioma kwa asilimia 19 pungufu kuliko wasiotumia, ilhali moja ya kumi waliozungumza muda mrefu zaidi walionekana nao kwa asilimia 40 zaidi. Hakuna aliyeamini kwamba simu ni kinga, kwa hiyo ikabidi tafsiri ya ile 40 nayo iwe ya tahadhari. Kuhusu minara yenyewe, utafiti wa Uingereza wa mwaka huohuo ulilinganisha watoto 1,397 wenye saratani na 5,588 wasio nayo kwa ukaribu wa mnara na makazi ya mama alipokuwa mjamzito, na haukuona uhusiano.

#34 Nesi Mstaafu
Wa Uingereza ni watoto. Wagonjwa wa Kihonda ni watu wazima. Tusimfunike kwa shuka isiyomtosha.

#35 Fundi Mnara
Nimerudi baada ya kutaniwa. Mnasema "karibu na mnara" kana kwamba mnara ni jiko la mkaa, ukisogea unaungua. Antena hutupa mawimbi mbele, na huinamishwa kidogo tu, kwa hiyo nyumba iliyo mguuni mwa mnara mara nyingi hupata kidogo kuliko ile iliyo mita mia moja au mia mbili mbele. Kama antena za huko zinaelekea barabarani magharibi, basi upande wa mashariki mmeulaumu bure. Sijasema kwamba wa magharibi waogope!

#36 Kihonda Juu
Nimekuwa kimya kwa siku tatu kwa sababu nilichukua daftari nikapita nyumba kwa nyumba. Nimekuta mambo ambayo matangani hayakusemwa. Mmoja wa wale akina mama wawili alihamia kwa binti yake akiwa tayari anaumwa, ili awe karibu na matibabu. Mnara hakuwahi kuuona akiwa mzima. Upande wa magharibi nimepata wagonjwa wawili ambao hakuna aliyekuwa akiwataja, mmoja wa damu na mmoja wa titi, kwa kuwa familia zao zilificha. Kwa hiyo ile tano dhidi ya sufuri imekuwa nne dhidi ya mbili. Nesi, uliuliza kuhusu umri: upande wa mashariki ndiko walikogawiwa viwanja wastaafu wa kwanza, na kati ya wanne waliobaki, watatu wamevuka miaka 65. Fundi, nimetazama juu nikaona antena tatu zinazoelekea pande tatu. Sikuelewa kitu.

#37 Tashtiti
Antena tatu, pande tatu. Sasa kila mtu apewe karatasi ya kutia saini.

#38 Mzaliwa wa Shirati
Mimi bado sijaiondoa shaka. Wastaafu wale walifanya kazi wapi ujanani? Kama walitoka kiwanda kimoja, umri si jibu kamili.

#39 Bibi Takwimu
Kihonda Juu, kazi uliyofanya kwa daftari moja ni nzuri. Lakini nne na mbili, au tano na sufuri, hazina cha kupimiwa. Je, mtaa wa pili usio na mnara una wagonjwa wangapi?

#40 Kihonda Juu
Sijui, Bibi. Nitaanza kuuhesabu Jumamosi, na mwenyekiti wake amenikubalia. Wazee wamefikisha saini 83 na jana waliniletea kalamu. Nimewaomba wanisubiri hadi Jumatatu. Shirati, la kiwanda nimeliandika ukurasa wa pili.